Ujumbe wa Saa Tisa

Rafiki yangu Charline alitunza programu ya mtandaoni iliyopokea ujumbe wa sauti kutoka kwa familia zinazotafuta ndugu waliopotea vitani. Kila siku, saa tisa mchana, programu ilikwama kwa ujumbe mmoja, na sababu haikuandikwa popote. Basi akaongeza amri: kosa lolote lisilotarajiwa liandikwe, pamoja na ujumbe uliolileta.

Kesho yake, saa tisa, mawingu yakatia giza ofisi yao katika mtaa wa Himbi. Kosa likaandikwa: ujumbe hauna mtumaji. Charline akaufungua. Zikasikika hatua zikiburuzwa juu ya mawe, kisha mwanamke akimwomba Mungu.

"Charline," mwenzake Rémy akasema, "mbona ile ni sauti yako?"

Ndani ya rekodi, yule mwanamke akanong'ona: "Rémy, nyamaza. Iko ku mulango."