Safari ya Wachezaji Wawili

Rafiki yangu mshonaji ameniapia kwamba haya yalimpata, nami namwamini. Tangu afariki mdogo wake, aliyekuwa akicheza naye gemu kila jioni, jioni zake zilikuwa kimya tupu. Mjomba wao akamwambia, "Uza hiyo mashine ya gemu! Mwanamke mzima na katuni?" Kana kwamba majonzi yana umri! Lakini rafiki yangu alikuwa amechoka kubishana, akakubali kuiuza.

Akaketi sebuleni gizani, mapazia hayajafunguliwa tangu msiba, afute gemu kabla mnunuzi hajaja. Ndani yake, wahusika wa filamu mbalimbali za katuni walipigana bega kwa bega: sungura wake mwenye upanga, na dubu wa mdogo wake.

Ila safari ya wawili, yaani mchezo uliohifadhiwa kwa majina yao yote, haifutwi na mmoja. Kila mchezaji sharti akubali kwa rimoti yake. Akabofya yake: Ndiyo. Ya marehemu alishaitoa betri, akaifungia kwenye boksi.

"Akili yangu nayo!" akajisemea, akainuka kutafuta mkasi wa kufungulia boksi.

Nyuma yake, ndani ya boksi, kitufe kikalia: tak.

Akageuka. Kwenye skrini, mbele ya jina la mdogo wake, palikuwa na neno moja: Hapana.