Mbegu za Mwani na Kadi ya Feni Mbili

Kila alasiri Adila akirudi shuleni alivua viatu mlangoni, akampa mama yake shikamoo, kisha akasubiri swali. Mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa amekaa eda. Mumewe alifariki kwa homa ya siku nne tu, na kwa miezi minne na siku kumi mjane huyo hakutoka nje ya nyumba yao pale Mlingotini. Shamba lake la mwani lilikuwa baharini, na sasa mkulima alikuwa Adila, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Kamba zikoje, mwanangu?"

"Zimejaa, Mama."

Mwanzoni jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Mama alimfundisha kazi akiwa ameketi mkekani. Mwani hufungwa kwa mafungu kwenye kamba, kamba hushikwa na vigingi, na baada ya wiki sita huvunwa wakati wa bamvua, maji yakipwa sana. Ila hauanikwi wote. Machipukizi mazuri hubaki kuwa mbegu, yakafungwa upya siku ileile. Bi Mwanahija alimwonya asiiguse mbegu hata kama watalala njaa.

Chumbani kwa Adila palikuwa na kasha la kompyuta lisilo na monita. Baba alilinunua likiwa limetumika ofisini, akaahidi kulikamilisha ili yeye na Adila wacheze gemu ya mpira. Alifariki kabla ya kutimiza. Bi Mwanahija hakutaka ahadi ya marehemu ipotee hivi hivi, kwa hiyo aliuza baiskeli yake na kumpa Adila laki mbili na nusu.

Jumamosi moja Mjomba Haidar, mdogo wake mama, ambaye ni fundi wa kompyuta Bagamoyo mjini, alikuja kulifungua kasha hilo. Alilimulika ndani, akapuliza vumbi, akatoa ushauri wake bila haraka.

"Nunua monita ya inchi ishirini iliyotumika, laki moja. Halafu kadi ndogo ya grafiki, hiyo ndiyo inayochora picha za gemu, laki na thelathini. Kadi kubwa achana nayo. Kwenye monita hiyo hutaona tofauti, tena itataka umeme mwingi. Pawa saplai, kifaa kinacholilisha kasha hili umeme, imezoea kuandika barua za ofisi, usiibebeshe mzigo wa lori."

Adila alicheka, akaitikia. Tatizo la Adila ni kwamba alikuwa mwepesi wa kuitikia.

Dukani karibu na stendi aliinunua monita kama alivyoelekezwa. Kisha akaiona kadi yenye feni mbili na taa nyekundu, laki moja na themanini. Muuzaji akamwambia kadi ndogo ni ya kuchezea watoto, na hii nyingine atamwekea wiki moja. Adila alihesabu fedha zake mara mbili. Zilipungua elfu thelathini, na tangu dakika hiyo ile kadi ndogo ikawa takataka machoni pake.

Wiki hiyohiyo bamvua ikaja. Adila alivuna tangu maji yalipoanza kupwa, akaweka mbegu pembeni kama alivyofundishwa. Akaitazama kwa muda mrefu. Ikikauka ingetoa gunia moja la kilo thelathini, na mnunuzi alikuwa akitoa elfu moja kwa kilo. Akajiambia kwamba kesho ataomba mbegu nyingine kwa Bi Arafa, jirani wa shamba. Akaianika yote.

Kesho ikawa keshokutwa. Kuomba mbegu kulihitaji maelezo, na maelezo hayakuwapo. Bi Arafa alipouliza mbona kamba ziko tupu, Adila alimjibu kwamba mama ameagiza zipumzike. Nyumbani swali lilikuwa lilelile, na jibu lilelile.

"Zimejaa, Mama."

Gunia liliuzwa, kadi ikanunuliwa. Muuzaji akampa na waya wa kuiunganishia. Adila alijifungia chumbani, akawasha. Feni zikazunguka, taa nyekundu zikaangaza ukuta, naye akafurahi peke yake kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha kitu kikapasuka ndani ya kasha, moshi ukatoka, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Kompyuta ya baba yake haikuwaka tena. Adila alifungua dirisha upesi, akaifunika kwa kanga na kulia bila sauti, kwa sababu sauti ingeleta maswali.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanahija alioga, akaswali, na maji yalipokupwa akaelekea baharini, mahali alipopatamani kuliko pote. Adila alimfuata nyuma. Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu alishindwa kuendelea. Akasimama akasema yote: mbegu, gunia, kadi, moshi, na jibu la kila siku.

Mama hakugeuka. Alitembea hadi shambani mwake, akashika kamba moja, akaivuta mkononi hadi mwisho. Ilikuwa na ukijani wa utelezi tu. Ndipo akazungumza, na hakupaza sauti.

"Kompyuta imeungua, basi. Lakini mimi nilikuwa ndani, Adila. Siku zote hizo macho yangu yalikuwa wewe. Ukiniambia zimejaa, mimi nililala nikiziona zimejaa."

Adila alitamani apigwe. Hakupigwa.

Siku hiyo Bi Arafa na wanawake wengine watatu walitoa kila mmoja fungu la mbegu, baada ya Adila kwenda kwao mwenyewe na kukiri kwamba alidanganya. Mjomba Haidar alilifungua kasha, akakuta pawa saplai imeungua na kuunguza ubao mkuu unaounganisha sehemu zote. Muuzaji alikataa kuipokea tena kadi. Monita iliuzwa, nayo ikawa unga na mafuta kwa wiki sita zisizo na mavuno.

Wiki tano baadaye Bi Mwanahija alikaa mkekani kwa makusudi, akamwambia binti yake aende shambani peke yake amletee habari. Adila alikwenda, akarudi na nguo zimelowa hadi kifuani.

"Kamba zikoje, mwanangu?"

"Mbili zimekatika, Mama, nimeziacha hapo mlangoni. Moja mwani wake umeanza kuwa mweupe, unaoza. Na kigingi kimoja niliking'oa mimi kwa bahati mbaya. Zilizobaki ziko sawa."

Bi Mwanahija akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Habari mbaya, lakini naweza kuifanyia kazi. Kamba tutaunga, kigingi tutapigilia. Uongo wako wa mwezi mzima sikuweza kuufanyia kitu, kwa kuwa sikujua upo. Mtu akikuamini kwa asichokiona, mwambie kilivyo hata kikikuaibisha. Kadi ndogo tutainunua siku moja, Mungu akipenda. Sasa lete kamba."

Adila akazileta, wakakaa kuziunga.