Mkutanoni Hakuna Mshenga

Pu! Pu! Pu! Majembe yalisikika kwanza. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umefunika mashamba yote ya kitongoji cha Kilimani, upande wa Mwimbi. Ulipoinuka, watu wakaonekana wamejipanga mstari mmoja, wanawake kwa wanaume. Walikuwa wakichimba nyasi na kuzifukia katika vilima vidogo vya udongo. Wafipa huviita intumba. Nyasi huozea humo, na msimu unaofuata ulezi hustawi.

Leo ilikuwa zamu ya shamba la Adela. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari nyumbani. Kwa desturi yao, mtu haachi mstari kabla kazi haijaisha. Anayeacha huitwa mvivu, na jina hilo halifutiki upesi.

"Lakini leo kuna mkutano wa kijiji," Adela alisema. "Watazungumza habari ya bonde letu."

"Baba amekwenda," alijibu Yusto, mumewe, bila kuinua kichwa. "Tumemtuma atusemee sote. Nilipokuposa, ukoo wetu wote ulikuja kwenu? Alikuja mshenga mmoja tu, na leo uko hapa unanikaripia!"

Watu wakacheka. Adela naye akacheka, lakini moyo wake haukutulia. Katika bonde lile kulikuwa na chemchemi. Hapo ndipo alipochota maji. Hapo ndipo alipolima kabichi wakati wa kiangazi. Sasa halmashauri ya kijiji ilitaka kumpa bonde Shamsi, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, achimbe udongo wa matofali. Chemchemi ikifukiwa, maji mengine yako mbali, ng'ambo ya kilima.

Mchana mzee Valerian, baba yake Yusto, alirudi kutoka mkutanoni. Alifuatana na Edith, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Shikamoo, baba. Bonde limepona?" Adela aliuliza.

"Marahaba. Mkutano umeahirishwa, watu hawakutosha. Mwenyekiti aliniuliza, 'Mzee, wenzako wa Kilimani wako wapi?' Nikamjibu, 'Mimi ndiye wote.' Wakacheka mpaka wakashika mbavu!"

"Babu hana kosa," Edith alisema. "Posa hupelekwa na mshenga. Kura haina mshenga. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Mke ana kura yake, mume ana yake. Leo babu angeinua mkono, ungehesabiwa mkono mmoja. Kilimani nzima, mkono mmoja!"

"Lakini halmashauri si imekwisha kuamua?" Yusto aliuliza.

"Halmashauri ya kijiji inapendekeza. Haiwezi kumpa mtu ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujakubali."

Mzee Valerian akatikisa kichwa. "Enzi zetu bwana mkubwa alikuja na gari. Alisema, tukapiga makofi, akaondoka."

"Enzi hizo zimepita, babu. Sheria imeleta madaraka kijijini, kwenu ninyi. Lakini madaraka hayamfuati mtu shambani. Mkono ulioinuliwa huhesabiwa. Mkono ulioshika jembe, nani atauhesabu?"

Adela akauliza, "Mkutano unarudiwa lini?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi naweka jembe chini. Anayetaka kuniita mvivu aniite leo, nimsikie!"

"Mvivu!" Yusto akapaza sauti. "Na mimi ni mvivu wa pili. Nani wa tatu?"

Alhamisi Kilimani yote iliteremka kwenda mkutanoni. Adela alikuwa hajawahi kusema mbele ya kijiji. Hata hivyo alisimama.

"Mwenyekiti, hatukatai matofali. Zahanati yetu inayahitaji. Tunakataa kufukiwa maji yetu. Kule kwenye vichuguu, njia ya Mwimbi, udongo ni mzuri na hakuna chemchemi. Kwa nini asichimbe kule?"

"Udongo unaujua wewe?" mwanamume mmoja alimkebehi.

"Ninaufinyanga kuwa vyungu, shemeji. Wewe unaukanyaga tu."

Mkutano ukalipuka kwa kicheko. Shamsi mwenyewe akasimama. "Jamani, mimi nataka udongo, sitaki ugomvi. Kama wa kule unafaa, nitachimba kule."

Lakini uamuzi ulikuwa wa mkutano, basi mwenyekiti akaita kura za kulilinda bonde. Mikono ya Kilimani ikapanda yote. Adela akatazama kushoto na kulia. Haikutosha; watu wa vitongoji vingine walikuwa hawajainua. Mara Justa, mama wa kitongoji cha Mtoni, akainua wake. Yeye hakuwahi kuchota maji pale. Majirani zake wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka mikono ikawa mingi kuliko iliyobaki chini. Bonde likapona, na Shamsi akapewa eneo la vichuguu.

Mwezi wa nane upepo mkavu ulivuma uwandani, nyasi zikawa kahawia. Bondeni kabichi za Adela zilikuwa zimefunga vizuri, na maji yalitiririka. Justa alikuja kununua kabichi. Adela akamchagulia kubwa, akakataa kulipwa.

"Mkutano ujao tunaomba darasa kwetu Mtoni," Justa alisema. "Watoto wetu wadogo wanavuka mto kwenda shule. Ila sisi tuko wachache, sijui kama tutashinda."

Adela akatua ndoo. Akasema kwa sauti, wanawake wote waliokuwa wakichota maji wakageuka:

"Dada Justa, siku hiyo sitamtuma mtu. Nitakuja mwenyewe, na Kilimani nzima pamoja nami. Mbele ya hawa wote nakuahidi: mkono wangu utakuwa wa kwanza kupanda."