Tone Lililobaki Mkebeni

Kila Jumamosi alfajiri Gesare alimkamua ng'ombe wao, akajitwika mtungi wa maziwa, akakata njia katikati ya mashamba ya chai hadi kituo cha ushirika cha Roret. Jumamosi hiyo baridi ilikuwa kali mno. Wenyeji watakuapia kwamba maziwa yalitoka kwenye chuchu yameshikana mikono, yakiogopa kuanguka ndooni! Lakini si baridi iliyomtetemesha Gesare. Alitaka kujua kama sakafu imekauka.

Jana yake, baada ya shule, alikuwa amemsaidia Shangazi Mongina, fundi wa vigae, kujaza mianya ya sakafu ya chumba cha kupokelea maziwa. Saruji ya zamani ilikuwa imeliwa na maziwa yaliyochacha, hata chumba kikanuka kama kibuyu kilichosahauliwa. Safari hii Shangazi alileta grauti ya epoksi, kijazio cha mianya ya vigae ambacho uchachu haukiwezi. Ilikuja katika mikebe miwili: mmoja wa uji mzito, mwingine wa dawa ya kuugumisha.

"Vaa glavu," Shangazi alimwambia. "Dawa imimine yote. Kwangua mkebe mpaka ulie. Hapa hatukisii kama chumvi ya mboga."

Sasa, Gesare alikuwa amelelewa na nyanya asiyekubali chombo kikwanguliwe. "Mgeni akibisha hodi utampa nini? Kelele za mwiko?" nyanya husema. Basi mkono wa Gesare ukafanya ulivyozoea. Uliacha dawa kidogo chini ya mkebe, kiasi cha kumshibisha mgeni mwenye njaa. Akaufunika, akauweka nyuma ya magunia ya mbolea, ati akiba.

Basi Jumamosi hiyo alipofika kituoni alimkuta Shangazi amepiga magoti, akibonyeza mwanya kwa ukucha. Ukucha uliacha alama.

"Ni chingamu!" Shangazi alisema. "Baridi hii inachelewesha. Niletee jiko, tupashe chumba joto."

Gesare akaukumbuka mkebe ule nyuma ya magunia. Alileta jiko, akapuliza makaa mpaka macho yakamtoka machozi, huku akiomba kimoyomoyo joto lifanye kazi ya dawa ile. Wapi! Jua lilipanda, umande ukaisha kwenye majani ya chai, na mianya ikabaki laini vilevile.

Cherotich, rafiki yake wa darasani, aliingia na mtungi wake bila hodi. Alipoinua mguu, kandambili ikabaki sakafuni.

"Woi! Sakafu yenu imenila kiatu!" alicheka. "Wale mafundi wa sokoni walisema mwanamke apewe sufuria, asipewe sakafu. Leo watacheka mpaka Jumatatu."

Shangazi hakucheka. Kazi hii ilikuwa ya kwanza kubwa kukabidhiwa kwa jina lake, na jina likichafuka Roret, huwezi kulifua mtoni.

Punde akaingia Mzee Johana, mwenyekiti wa ushirika, akasalimu kwa Kikipsigis. "Chamgei, fundi. Leo tumepokelea uani, lakini maziwa ya vijiji vyote yanakuja kesho kutwa. Tutayapokelea wapi?"

"Mzee, mimi nimeuziwa dawa mbovu," Shangazi alijibu, tayari akitoa simu. "Ni yule Vinny wa duka la vifaa. Leo atanitambua! Nitamtangaza soko zima."

Vinny alikuwa kijana mpole, aliyewapa watoto vipande vya kamba za kurukia. Gesare akinyamaza, Vinny ataitwa mwizi. Akisema, Shangazi atamwonaje? Simu ilianza kuita.

"Shangazi, kata simu!"

Gesare alikimbia nyuma ya magunia, akarudi na mkebe. Akaufungua mbele yao. "Niliacha kidogo. Nilidhani ni akiba. Halafu nilipoona haikauki, nikaogopa."

Shangazi aliutazama mkebe, kisha akamtazama Gesare. Akakata simu.

"Tukiiongeza sasa?" Mzee Johana aliuliza.

"Haisaidii, mzee. Dawa hukutana na uji siku moja tu, tena kwa kipimo chake. Grauti iliyopungukiwa dawa hubaki hivi daima." Shangazi akavuta pumzi. "Lakini kwa kuwa ni laini, inakwanguka. Nina mikebe mingine niliyoweka kwa ajili ya kuta. Kuta zitangoja."

Walikwangua wote, Cherotich naye akiwa peku. Shangazi alipochanganya upya, alimpa Gesare mkebe wa dawa. Gesare aliukwangua mpaka ukalia kama mbuzi. Walijaza mianya, wakapangusa vigae kwa sifongo kabla grauti haijashika, wakaacha jiko likiwaka.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya shule, Gesare alibonyeza mwanya kwa ukucha. Ukucha ndio uliovunjika. Alipiga kelele za furaha, na mtungi wa kwanza ukaingia.

"Nyanya yako hakukosea," Shangazi alimwambia, akimshika bega. "Ugali mwachie mgeni. Lakini ukweli, mwanangu, ni kama dawa hii: ukishaanza kuumimina, kwangua mkebe. Ule unaouweka akiba ndio unaonasa miguu ya watu."