Rangi Si Jina la Dawa

Fundi cherehani wa mtaa wetu hapendi vitu vikae ovyo. Vifungo vyake viko kwenye makopo: vyeupe kopo lake, vyekundu kopo lake. Hata vidonge vyake vya presha alivitoa kwenye pakiti, akavipanga kwa rangi. Kwa vifungo, huo ni utaratibu mzuri.

Vidonge vyake vilikuwa vya njano. Kabla havijaisha, kliniki wakampa vyeupe. Alikuwa na haraka, hakuuliza. Alidhani ameongezewa dawa. Basi kila asubuhi akawa anameza cha njano na cheupe.

Haikuchukua muda, kizunguzungu kikamwanza. Siku moja aliinuka ampime mteja gauni, miguu ikamkatalia. Akaanguka chini, puu! Kichwa kilikosa pembe ya meza kidogo tu. Mumewe alikimbia kumwinua.

"Mama watoto, dawa hizi zitakuua. Zitupe!"

"Nikizitupa, presha itanionea huruma? Twende tukaulize."

Kwenye duka la dawa, mfamasia alimpima. Presha ilikuwa imeshuka mno.

"Naomba nione dawa zako, mama."

Fundi akatoa makopo mawili.

"Na pakiti zake?"

"Nilitupa. Mimi rangi zangu nazijua."

Mfamasia alivitazama vidonge, akatazama na cheti cha kliniki. Kisha akashusha pakiti mbili kutoka kwenye rafu.

"Soma hapa, mama. Halafu hapa."

Fundi akasoma polepole. "Mbona jina ni moja?"

"Dawa ni ile ile. Viwanda ndivyo tofauti, na kila kiwanda kina rangi yake. Umekuwa ukimeza dozi mara mbili."

"Makubwa! Na nilivyojiona mjuaji!"

"Acha dawa kwenye pakiti yake. Rangi ikibadilika, soma jina, uulize kabla ya kumeza. Na usiache dawa kwa uamuzi wako. Sasa nenda moja kwa moja kwa daktari."

Daktari alimpima, akamwambia aendelee na kidonge cheupe peke yake. Kizunguzungu kikaisha. Presha ikatulia.

Juzi kliniki walimpa vidonge vya pinki. Fundi hakuondoka dirishani.

"Hivi ni badala ya vile vyeupe, au ni nyongeza?"

"Ni badala, mama."

Hata hivyo akainua pakiti, akaanza kusoma jina, herufi kwa herufi. Foleni ikaguna.

Mumewe, aliyekuwa amemsindikiza, akageuka, kifua mbele.

"Tulieni, jamani. Mke wangu anasoma."