Shimo la Mparachichi wa Jephté

Kila siku ya shule, kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bénita alikuwa amekwisha kuteka maji ya bidoni mbili, yaani madumu ya plastiki, kufagia ua na kumvalisha mdogo wake sare. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Mama yake alizoea kuwaambia majirani kwamba mtoto huyo hahitaji saa wala fimbo, na majirani hawakubisha.

Pale langoni mwa shule alimkuta Papa Chabani, mlinzi, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema zamani kwa ajili ya biashara. Baada ya sala yake ya alfajiri, mzee huyo alijaza tena birika lake la plastiki, akazunguka uani akinywesha miche tisa ya miparachichi, huku midomo yake ikiendelea kusema dua polepole.

"Umeamuka muzuri, mama mudogo?" alimwuliza Bénita.

"Muzuri, papa."

Bénita alijibu huku akiangalia pembeni. Mche wa saba, ulioandikwa JEPHTÉ kwenye kibao, ulikuwa umeanza kuwa wa manjano.

Jephté alikuwa jirani yake wa benchi. Mwezi wa Januari, vita vilipoingia mjini, mabomba ya maji yalikauka siku tatu mfululizo. Siku ya tatu kulipotulia kidogo, watu wa mtaa walitoka na bidoni zao wakajipanga mstari mbele ya nyumba moja iliyokuwa na kisima cha maji ya mvua. Jephté alikuwa mbele, Bénita nyuma sana, karibu na kona ya ukuta. Bomu lilianguka katikati ya mstari. Vipande vya chuma vilipasua mbao za nyumba, vikapasua bidoni, vikapasua na watu. Moshi ulipoondoka, Bénita alimwona Jephté amelala kifudifudi, na maji yaliyokuwa yakivuja kutoka kwenye bidoni yake yalikuwa mekundu. Watu tisa wa mtaa walikufa pale.

Hawakupata matanga. Risasi zilikuwa bado zinalia, na wale tisa walizikwa upesi pamoja na maiti wengine wengi, katika shimo moja refu ambamo hakuna aliyeweza kuonyesha wake ni yupi. Mama Nabintu, mzazi wa Jephté, alikuwa akisema hana hata mahali pa kuinamia akalia. Ndiyo sababu, mwezi wa Oktoba, walimu na wazazi waliamua kupanda uani miti tisa, kila mmoja kwa jina la mtu mmoja.

Kupanda mti Goma si kazi ya jembe. Ardhi yote ni mwamba mweusi uliomwagwa na volkano. Mwalimu Sikuli, aliyefundisha darasa la sita, aliwagawia wanafunzi wake nyundo nzito na baramini, yaani ile mitaimbo mirefu ya chuma, akawaeleza waziwazi.

"Vunjeni jiwe mpaka baramini ipenye, iingie kwenye udongo wa zamani ulio chini. Udongo tulioleta kutoka Masisi ni wa kujazia tu. Maji yasipopata njia ya kutokea chini, mutakuwa mumepanda muti ndani ya sufuria. Na muti ndani ya sufuria, mwisho wake ni kuiva!"

Watoto walicheka. Bénita na rafiki yake Faida waliomba shimo la Jephté, wakapewa.

Walipiga mwamba asubuhi nzima. Saa tano, kipande cha jiwe kiliruka kikampasua Faida chini ya jicho. Damu ikamtiririka hadi shingoni, akapelekwa nyumbani. Bénita akabaki peke yake. Malengelenge ya viganja vyake yalikuwa yamepasuka, na mpini wa nyundo ulikuwa unateleza kwa damu yake mwenyewe. Shimo lilikuwa na kina cha kiganja kimoja. Aliwasikia wenzake wakishangilia kila baramini ilipopenya. Alipiga mara nyingine ishirini. Jiwe lilitoa cheche, halikutoa ufa. Ndipo alipotazama huku na huku, akamimina udongo wa Masisi, akausimamisha mche na kuzungushia mawe madogo. Kwa macho, shimo lake lilikuwa zuri kuliko yote.

Mwalimu Sikuli alipita akikagua. Kila shimo alilipima kwa baramini. Alipofika kwa Bénita alisimama.

"Mulifika kwenye udongo?"

"Tulifika, Mwalimu."

"Wewe sikupimi. Neno lako linanitosha."

Akapita.

Mvua za Novemba zilianza. Miche minane ilitoa majani mapya, lakini wa Jephté uliinamisha kichwa. Papa Chabani, alipouona hivyo, alidhani una kiu kuliko mingine, akauongezea birika la pili. Asubuhi moja alimwita Bénita.

"Mutoto yangu, wewe ndiye uliupanda huu. Iko na shida gani? Naupatia maji mara mbili, lakini unazidi kulegea."

Bénita alijua. Maji yalikuwa yamesimama juu ya mwamba, na mizizi ilikuwa ikioza ndani yake. Neno moja lingetosha.

"Sijui, papa," alijibu, akakimbilia darasani.

Siku ya Jumatano ya juma lililofuata, wanafunzi walipokuwa wakitoka, Mama Nabintu alikuja shuleni na mwanawe mkubwa, Guylain, kijana wa miaka ishirini aliyebeba mizigo kwa chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini. Waliukuta mti mkavu. Guylain alipiga magoti, akaingiza vidole shinani, akavinusa. Uso wake ukabadilika.

"Inanuka! Mama, inanuka kama kitu ya kufa! Kuna mutu alimwaga sumu apa!"

Mwanamke mmoja muuza mandazi, aliyekuwa langoni, alipaza sauti. "Mimi naona kila asubuhi! Ule muzee anakuja na birika, anamwaga maji, midomo inatembea. Anasema na nani, kama si uchawi?"

"Ule mulozi!" mtu akadakia. "Bomu haikumutosha, sasa anafuata mutoto mpaka kwa muti yake!"

Papa Chabani alitoka kibandani, birika mkononi, ili aulize kuna nini. Hakupata nafasi. Guylain alimpiga ngumi ya mdomo, mzee akaanguka na birika lake likapasuka. Watu waliingia kutoka barabarani, wengine bila kujua sababu. Walimpiga kwa mateke, kwa fimbo, kwa vipande vya mwamba ambavyo watoto walivivunja mwezi uliopita. Jiwe moja lilimpata jicho la kushoto. Mwalimu Sikuli alijitupa katikati akipiga kelele, "Mwacheni! Mwacheni muzee!" lakini alisukumwa, shati lake likachanika, akabanwa ukutani na vijana wawili. Mtu mwingine akaja akiviringisha tairi. Nyuma yake mwenzake alibeba chupa ya mafuta.

Bénita na Faida walikuwa wamekwisha kufika barabarani. Kelele ziliwarudisha langoni. Faida alimshika mwenzake mkono kwa nguvu.

"Usiende! Batakuua na weye!"

"Mimi ndiye niliharibu ule muti, Faida."

"Hata kama! Nyamaza tu! Nani anajua?"

Hakuna aliyejua, hilo lilikuwa kweli. Bénita aliliona tairi likiwekwa karibu na kichwa cha mzee. Alijinasua, akaingia uani akipiga kelele, "Si yeye! Ni mimi!" Sauti yake ilipotea kama haikutoka. Alimvuta mwanamume mmoja shati, akasukumwa kwa kiwiko. Akaona kwamba maneno hayatasikika. Basi akakimbilia mche wa Jephté, akaushika kwa mikono miwili na kuung'oa mbele ya watu wote.

Uwanja ulinyamaza ghafla.

"Umegusa muti ya ndugu yangu?" Guylain alisema kwa sauti ya chini. Alimwendea akampiga kofi lililomwangusha. Mdomo ulimpasuka, na damu ikalowanisha sare yake. Bénita hakulia. Aliinua ule mche, mizizi yake myeusi na laini kama mboga zilizooza.

"Mama Nabintu," alisema, "ingiza mukono yako ndani ya shimo. Ingiza mpaka chini."

Mama Nabintu aliinama. Mkono wake ulizama hadi kwenye kifundo, ukagota. Watu wa karibu walisikia kucha zake zikikwaruza jiwe. Alipoutoa, ulikuwa unachuruzika maji meusi yenye harufu mbaya.

"Nilidanganya," Bénita alisema. "Mwalimu alituambia tutoboe mpaka kwenye udongo. Nilichoka, nikajaza juu ya jiwe. Aliponiuliza, nikasema nilifika. Maji yalikosa pa kutokea, mizizi ikaoza. Papa Chabani alikuwa anaunywesha tu, kwa huruma. Aliniuliza una shida gani, nikamwambia sijui."

Mama Nabintu alitembea hadi pale mzee alipolala, akalisukuma lile tairi kwa mguu, akasimama juu ya mzee, mguu mmoja huku na mwingine huku.

"Sasa washeni," alisema. "Mutaanza na mimi. Mulikuwa munaua mutu kwa jina ya mutoto yangu! Nani aliwatuma? Jephté aliwatuma? Jephté hakuwahi kutupia hata mbwa jiwe!" Alimgeukia mwanawe. "Na wewe, Guylain, angalia mikono yako. Wale waliorusha bomu hawakutufahamu. Wewe huyu muzee unamufahamu!"

Mwenye chupa alifunga kizibo chake. Muuza mandazi alijifunika kichwa kwa kitenge akaondoka kuelekea mtaa wa Majengo. Mmoja mmoja, watu wakatawanyika, kila mmoja akitembea kama aliyekuwa akipita tu. Guylain ndiye aliyebaki. Alimpakia mzee kwenye chukudu yake, Mwalimu Sikuli akamshikilia kichwa, wakaikimbiza hospitali.

Madaktari waliokoa uhai wa Papa Chabani. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na jicho la kushoto halikuweza kuponywa.

Siku ya Ijumaa, Mwalimu Sikuli alimsimamisha Bénita mbele ya darasa. Hakumchapa.

"Nami nina kosa," alisema. "Shimo la kila mtu nililipima, lako nikaliacha kwa sababu nilikupenda. Hiyo si haki, hata kama aliyeifanya ni mwalimu. Lakini nisikilizeni ninyi nyote. Mtu aliyekufa hawezi kuja kukagua kazi tuliyoifanya kwa jina lake. Hana macho ya kutusimamia wala kinywa cha kulalamika. Kwa hiyo kazi ya namna hiyo ndiyo inayotaka ukweli kuliko kazi nyingine yote. Ukichoka, sema umechoka. Tungekuja kumi kukusaidia."

Jumamosi Bénita alirudi kwenye shimo na nyundo. Guylain alikuwa amekwisha kufika. Hawakusalimiana. Yeye alishika baramini, Bénita akapiga, walipochoka wakabadilishana. Faida alikuja akawa anazoa vipande. Saa nane mchana baramini ilipenya kwa kishindo kidogo, ikazama hadi nusu, na ilipotolewa ncha yake ilikuwa na udongo mwekundu. Mama Nabintu aliuchukua ule udongo kwa kidole, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasimamisha mche mpya mwenyewe, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akalia kwa sauti, nao wakamwacha alie.

Siku iliyofuata, baada ya misa, Bénita alikwenda hospitali pamoja na wazazi wake. Guylain alikuwa mlangoni. Alikuwa ameomba msamaha asubuhi hiyo, na macho yake yalikuwa mekundu. Papa Chabani alilala chali, nusu ya uso wake imefungwa bendeji. Bénita alipiga magoti kando ya kitanda.

"Papa, nisamehe."

Mzee alipumua kwa shida kwa sababu ya mbavu.

"Nakusamehe," alisema. "Ulikuja mbele ya wale watu wenye mafuta na tairi. Wanaume wakubwa walikuwa pale, hakuna aliyethubutu. Ulinirudishia roho yangu, na sitasahau. Lakini sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Mwalimu alipokuuliza, ukamwambia ulifika. Uongo huo uliua muti, na muti tunapanda mwingine. Mimi nilipokuuliza, ukasema hujui. Huo ndio ulichukua jicho langu. Ukweli uliosema siku ya Jumatano ungeweza kuusema asubuhi ile, tukiwa watu wawili tu, na birika mkononi mwangu. Ungekutia aibu kidogo, basi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, papa."

"Basi mutu akikuuliza kitu, mutoto yangu, mujibu ukweli palepale, ungali mwepesi. Ukiuchelewesha, mwingine ndiye atakayeulipia kwa mwili wake."