Sogea Kushoto Kidogo

Kisa hiki si changu. Ukitaka kubisha, kabishane na rafiki yangu mpiga picha. Alipanda hadi mji wa kale ulio juu ya kilima kupiga picha majengo ya mawe. Siku zote mkewe ndiye aliyesimama ukutani, kiganja juu ya jiwe, bangili zikilia, ili ukubwa wa jiwe uonekane pichani. Safari hii alikwenda peke yake. Mkewe alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Chini ya tao la lango palikuwa na giza. Akainua kamera, akajisahau: “Bibie, sogea kushoto kidogo.”

Halafu bangili zikakwaruza jiwe, taratibu, zikielekea kushoto.

“Na bangili zake,” akaniambia huku analia, “nilikuwa nazo mfukoni.”